Mwonjaji wa Bi Thoa

Naitwa Tường. Nauza kahawa kwenye mdomo wa uchochoro wetu hapa Phú Nhuận, Sài Gòn, na kwa miaka kumi na sita ubavuni mwangu limesimama toroli la mikate la Bi Thoa. Yeye ana kivuli cha ukuta, mimi nina jua. Tuligombania kivuli hicho mwaka wa kwanza, nikashindwa, na tangu hapo tumegombana kwa mengine yote. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani nasimulia habari za mtu nisiyemjua, au kwamba mimi sikuwemo.

Bi Thoa alirithi toroli kutoka kwa mama yake, pamoja na kisu kifupi kilicholika ubapa mpaka kikabaki chembamba kama jani la mwanzi. Mkate, bánh mì, ananunua kwa mwokaji kama wenzake wote. Anaupasha juu ya makaa, anaupasua bila kuutazama, anapaka siagi, anapaka maini ya nguruwe ya kusaga, anapanga vipande vya nyama, achari ya karoti na figili, tango, giligilani, pilipili, anakunja karatasi, anaifunga kwa mpira mwembamba. Mteja hajashuka kwenye pikipiki. Yeye hamuulizi mtu anataka nini. Nesi wa ghorofa ya tatu hapendi giligilani, fundi cherehani anataka pilipili mbili, mama wa mapacha anataka mmoja ukatwe katikati kwa haki kabisa, la sivyo nyumbani patawaka moto. Watoto wa uchochoro huu wameoteshea meno ganda la mkate wake.

Lakini watu hawaji kwa ajili ya mkate. Wanakuja kwa ajili ya maini. Anayapika mchana, na mafuta yake, kitunguu saumu, pilipili manga na tone la pombe ya mchele, anayaacha yapoe, anayalaza kwenye friji. Asubuhi, kabla ya kuuza hata mkate mmoja, anachota kijiko na kuonja. Pua, anasema, huhongwa na kitunguu saumu, ila ulimi haupokei hongo.

Tatizo ni kwamba siku mbili kila mwezi Bi Thoa hatii nyama kinywani: siku mwezi unapoandama na siku unapopevuka. Wengi hapa hufanya hivyo, lakini kwake si mazoea, ni nadhiri. Miaka kumi na moja iliyopita mumewe, Bwana Hậu, alianguka kutoka jukwaa la ujenzi akalala siku tisa bila kufumbua macho. Siku ya tisa Bi Thoa akaenda hekaluni akasema: mtu huyu akifumbua macho, siku hizo mbili hakuna nyama itakayogusa ulimi wangu mpaka nife. Siku ya kumi Bwana Hậu akafumbua macho, akaomba maji. Leo anatembea kwa mkongojo na kazi yake ni kuosha majani nyuma ya toroli. Mke wake anaamini, kama anavyoamini kwamba jua huchomoza, kuwa pumzi ya mtu yule imeshikwa na nadhiri ile.

Nilizoea kumtania. Nilimwuliza siku moja ni Buddha gani huyo mwenye nafasi ya kukaa akihesabu vijiko vya watu.

"Anayehesabu si yeye," akasema. "Ni mimi."

Basi siku hizo mbili nani aonje? Mimi. Nikawa mwonjaji wake, na ujira wangu ni mkate mmoja wenye maini maradufu, ananipa akishatulia kidogo. Kwa miaka kumi na moja sikukosa. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyowahi kukiri mbele yake.

Sasa, siku moja ya Juni, mwezi wa joto na mvua, tuligombana. Alisema mbele ya wateja wangu kwamba kahawa yangu ina mahindi ya kukaanga, kwamba mtu akimaliza kikombe husikia kuku wanamfuata. Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga kikombe chake. Ukweli ni kwamba mahindi yamo, kidogo. Lakini ukweli ukisemwa mbele za watu huuma kuliko uongo, nami nikalala na kinyongo.

Jioni hiyohiyo, nyumbani kwake, Bi Thoa alikuwa anaandaa madhabahu kwa ajili ya kesho, siku ya mwezi mpevu. Soketi iliyo karibu na madhabahu ni moja tu. Akachomoa waya wa friji, akachomeka taa mbili nyekundu, akafukiza ubani, akajiambia atarudisha waya akimaliza. Hakurudisha. Haya tuliyajua baadaye.

Siku za nadhiri hufungua saa kumi na mbili badala ya kumi na moja, kwa sababu ya maua na matunda ya madhabahuni. Alikuja akisukuma toroli, jasho linamtoka, akachota kijiko akaninyooshea.

"Onja vizuri leo, Tường. Sufuria sikuikuta na baridi yake."

Nilikuwa nimemnunia. Nilikipokea kijiko bila kumtazama, nikageuka kama mtu anayewahi birika lake, nikakifuta kwa tambara la meza. Nikaona nimemkomoa. Nilimkomoa kwa nini hasa, mpaka leo sijui.

"Matamu," nikasema.

Akasema asante, mdogo wangu.

Mteja wa kwanza alikuwa Bwana Quới wa bodaboda. Nieleze kidogo: hapa mteja wa kwanza ndiye anayefungua siku. Akiwa na nuksi, akiuliza bei akaondoka, muuzaji huchoma karatasi kuondoa kisirani. Akiwa na mguu wa heri, biashara hutiririka. Bwana Quới ndiye mwenye mguu wa heri kuliko wote uchochoroni, na anajua, na anatembea kama mtu anayejua. Siku za mwezi mpevu hafungi nyama. Anasema njaa alizopitia ujanani zinamtosha.

Siku hiyo hakuwa anajinunulia. Anaishi na mjukuu wake, Uyên, kwa kuwa wazazi wa binti wanafanya kazi kiwandani mbali na hapa, na asubuhi hiyo Uyên alikuwa anaanza mtihani wa kumaliza kidato cha mwisho. Binti alikuwa amekaa nyuma ya pikipiki, uso umemwisha damu, midomo inarudiarudia kitu. Babu akaagiza: bila yai, maana yai ni sifuri, siku ya mtihani halisogelewi. Maini yazidishwe, mtoto anaandika insha. Bi Thoa akapaka kwa mkono wa kutoa, akafunga kwa mipira miwili badala ya mmoja, akakataa hela. Akamwambia binti ale kabla ya kengele.

Wakaondoka. Wateja watano waliofuata wote walikuwa wamefunga nyama kama Bi Thoa, wakataka wa tofu ya soya na uyoga, ambao una kisu chake na bakuli lake. Kisha pakatulia. Bi Thoa akanitengenezea wangu, maini maradufu, akauweka juu ya meza yangu kati ya vikombe. Kwamba nilikuwa nimemnunia hakujali. Alikuwa ameongeza na ngozi ya nguruwe ninayoipenda.

Nikauma. Yalikuwa yamechacha. Si sana. Nyuma kabisa ya ulimi, chini ya kitunguu saumu na pombe, kulikuwa na ukali wa kitu kilichokufa. Nikatema kwenye mfereji kabla sijafikiri, na nilipoinua uso Bi Thoa alikuwa ananitazama. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata robo saa.

"Hukuonja," alisema.

Nilianza kusema nilionja kidogo. Nikaishia njiani.

Hakunitukana. Ningepumua kama angenitukana. Alifunika sufuria, akasimama ameishika kwa mikono miwili, na nikaona midomo yake inahesabu: nani, nani, nani. Wa tofu, wa tofu. Mmoja tu. Tukampigia Bwana Quới mara tatu, simu ikalia mpaka ikakata, maana akiendesha huiweka chini ya kiti.

Sasa nitasema nililolisema, ingawa ningeweza kuliruka na msingejua. Nilimwambia hivi: "Dada, ni mkate mmoja. Mwaga sufuria, sema maini yameisha. Binti ana tumbo la ujana, litamkata kidogo litaacha. Nani atajua?"

Alikuwa ameshavua aproni.

"Mtihani ni wa siku mbili, Tường. Tumbo likimkata leo, anangoja mwaka mzima. Washa pikipiki."

Bwana Hậu akaachiwa toroli na mkongojo wake. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Saa moja kasoro dakika kumi wanafunzi huingia vyumbani, na baada ya hapo hakuna anayetoka. Shule ni ng'ambo ya reli, na asubuhi ya mtihani barabara yote hujaa wazazi wanaopeleka watoto wao, kila mmoja akiendesha polepole kana kwamba amebeba mayai, na huwezi kumpigia honi mzazi wa namna hiyo. Nilipenya nilipoweza. Mgongoni nilimsikia Bi Thoa anahema, na mkono wake haukushika kiuno changu kama kawaida. Alishika chuma cha kiti.

Kufika kwenye reli, kengele ikaanza. Mama mwenye bendera akasukuma kizuizi. Nilikuwa na nafasi ya kupita kwa upenyo wa mkono mmoja, nikaikosa. Tukasimama. Treni ilikuwa inakaribia stesheni, inakokota mabehewa yake bila haraka, abiria wamelala wameegemeza mashavu kwenye vioo. Nilihesabu mabehewa kumi na mawili. Karibu nasi kijana wa shule aliyepakiwa na baba yake alikuwa anakula mkate wa muuzaji mwingine, anatafuna macho yakiwa kwenye daftari, na Bi Thoa alimtazama kila alipouma. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba labda Uyên hali asubuhi, mabinti wengine hawali. Kizuizi kikafunguliwa.

Langoni kulikuwa na umati. Walinzi walikuwa wamevuta kamba, na ndani ya kamba wanafunzi wa mwisho walikuwa wanapanda ngazi. Tulimkuta Bwana Quới amekaa juu ya pikipiki yake, kofia magotini, anatabasamu peke yake. Bi Thoa alimwambia moja kwa moja. Tabasamu likabaki usoni kwa muda kabla ya kuanguka. Binti ameingia, akasema. Mkate umo mkobani. Nyumbani hakula kitu kwa woga, ndiyo maana alimwambia ale ndani, kabla ya kengele. Alimwambia mara tatu.

Mlinzi alikuwa mtu wa makamo mwenye kipaza sauti cha kushika mkononi. Alikuwa na adabu, lakini amri ni amri: hapiti mtu, na simu za watoto zimekusanywa. Kama pana jambo zito la kifamilia, akasema, anaweza kumwita mwanafunzi kwa jina, lakini dakika zimebaki saba, na aambiwe ni jambo gani.

Nikamvuta Bi Thoa kando. Nilimwonyesha umati. Nusu ya watu wale walikuwa wateja wake, na nusu iliyobaki wangeweza kuwa kesho. Nilimwambia aseme babu yake anamwita, asitaje mkate. Binti akitoka tunamnong'oneza, basi, jina linabaki.

"Akisikia babu anamwita leo, atadhani kuna aliyekufa," akasema. "Kisha ataandika nini?"

Akarudi kwa mlinzi, akanyoosha mkono. Sijui mlinzi aliona nini usoni mwake, ila alimpa kipaza sauti. Bi Thoa hakuwa amewahi kushika kitu kile maishani. Akakileta karibu mno, kikapiga mluzi, watu wakageuka wote.

"Uyên, mjukuu wa Bwana Quới wa bodaboda. Babu yako yupo hapa, mzima. Mimi ni Thoa, muuza mikate wa mdomo wa uchochoro. Mkate niliokupa leo usiule. Maini yangu yamechacha. Ni kosa langu. Usile, mwanangu, halafu kaandike vizuri."

Akarudia tangu mwanzo, polepole zaidi, jina lake na mahali anapouzia, kana kwamba anawaelekeza wateja. Mama mmoja karibu nami, ambaye kila Jumatatu hununua mitatu, alifunika mdomo kwa kiganja. Vijana wawili walikuwa wameinua simu wanachukua picha. Mimi nilisimama hatua mbili nyuma yake. Aliposema ni kosa langu, nilitazama viatu vyangu.

Ghorofa ya pili, kwenye baraza, wanafunzi walianza kusongamana. Msichana mmoja akajipenyeza mpaka kwenye reli za chuma. Alikuwa ameshika kitu kilichofungwa kwa karatasi. Kutoka pale chini hatukuona kama kimefunguliwa. Bwana Quới aliinua kofia yake juu, akaipunga. Mwalimu akaja nyuma ya msichana, akachukua karatasi, akaigeuza huku na huku muda ulioonekana hauishi, kisha akainama juu ya baraza na kumwambia mlinzi kwamba mkate haujafunguliwa, mpira upo, wa kwanza na wa pili.

Kengele ikalia. Binti akaingia. Bi Thoa akakaa chini, palepale kwenye ukingo wa barabara, na kipaza sauti bado kimo mkononi.

Bwana Quới hakumtolea neno baya. Alivaa kofia yake, akafunga ukanda wa kidevuni. "Na mimi niliyejisifu mguu wangu una heri," akasema, akaondoka.

Kufikia jioni picha zilikuwa kwenye simu za uchochoro mzima. Kesho yake Bi Thoa alipasha makaa, akapanga mikate, akasimama. Pikipiki zilipunguza mwendo, zikapita. Nesi wa ghorofa ya tatu alipungia mkono kama mtu aliyeshiba. Wachache walionunua walitaka bila maini, na mkate wa Bi Thoa bila maini ni sawa na wa mtu yeyote. Jioni alikuwa akiwagawia watoto mikate iliyobaki, na kuna akina mama waliowaita watoto wao wasipokee. Waliomwuliza waziwazi, kwani wewe si huwa unaonja, aliwajibu kwamba ni mkono wake uliochomoa friji. Hilo lilikuwa kweli. Sehemu iliyobaki ya ukweli ilikuwa umbali wa hatua nne, inaosha vikombe.

Kila asubuhi niliamka nikijiambia leo nitasema. Kila asubuhi wateja wangu walikuwepo, wamejaa kwenye viti vyao vidogo, wakisema Bi Thoa kazeeka, Bi Thoa macho yamekwisha, nami nikawamiminia kahawa. Siku moja, mbili, tano. Kumbe aibu hukua kadiri unavyoilaza. Ikafika siku ya kumi na tano. Mwezi ukaandama.

Nilifika mapema kuliko yeye. Nilikuwa nimesukutua kinywa kwa chumvi, sikunywa hata kahawa yangu mwenyewe. Nilipanga: atanipa kijiko, nitaonja mbele ya watu wote, kisha nitasema. Alikuja, akafunua sufuria, akaweka kijiko juu ya kifuniko. Kabla hajanigeukia, Bwana Quới akasimamisha pikipiki mbele ya toroli. Hakuwa ameonekana tangu siku ile. Wateja wangu wakageuka kutazama.

Alisema Uyên amemtuma. Anataka mkate wa maini, uleule alioukosa. Kisha akaangalia sufuria.

"Samahani, Thoa. Umeonja wewe mwenyewe?"

Hakujua habari za mwonjaji. Hakuna aliyejua, ilikuwa kazi yetu ya alfajiri. Bi Thoa alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anavyoangalia sarafu anayoitilia shaka, akaona hapana. Nyuma ya toroli Bwana Hậu alikuwa anaosha majani, na mikono yake ikasimama ndani ya maji.

Nilisimama. Nilisema, na nilisema kwa sauti, kwamba siku ile mimi ndiye niliyepewa kijiko, sikuonja, nikasema matamu, kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Uchochoro mzima ulinisikia. Lakini nilikuwa nimepoteza muda kusukuma kiti, na kijiko kilikuwa kimeshaingia kinywani mwake.

Alimeza. Ulimi ukafanya kazi yake. Miaka kumi na moja.

"Yako sawa," akamwambia Bwana Quới, akachukua mkate akaupasua.

Bwana Hậu akaendelea kuosha majani, moja moja, mbele na nyuma.

Wateja wamerudi karibu wote. Uyên alifaulu, anasoma mambo ya hesabu za benki, akija likizo hununua miwili. Bwana Hậu yu mzima, ingawa kila anapokohoa mkewe huacha kisu na kugeuka. Siku za mwezi kuandama na za mwezi mpevu Bi Thoa anaonja mwenyewe, kisha anafukiza ubani muda mrefu zaidi kuliko zamani. Watu wa uchochoro walinisema wiki mbili, wakachoka. Yeye hakunisema hata siku moja. Mkate wangu wa maini maradufu bado ananiletea siku hizo mbili, anauweka kati ya vikombe.

Nami humpelekea kahawa. Anainywa yote, anarudisha kikombe, anasema asante. Tangu siku ile hajasema tena kwamba ina mahindi. Nimeongeza mahindi mara tatu, makusudi, mpaka wateja wengine wakalalamika. Anakunywa, anasema asante.